Haumo Ndani

Umeme uliporudi Nyamasaria
niliiuliza ramani huria swali moja la kijinga:
nipe mito yote iliyomo ndani ya wadi yetu.
Neno "ndani" nililiandika bila kulitafakari,
kama mtu apigaye hodi mlango ukiwa wazi.

Feni ya tarakilishi ikakoroma.
Vikaja vipande kumi na vinane vya buluu,
vingine vifupi kuliko kamba ya kuanikia nguo,
kwa kuwa mto haukuchorwa na mkono mmoja.
Wa kwanza aliuanzia juu, karibu na reli,
akaishia darajani (labda ugali ulikuwa tayari).
Wa pili, ambaye hajawahi kukanyaga tope letu,
akauendeleza kwa picha ya setilaiti
mpaka wingu lilipomziba macho.
Baada ya wingu, hakuna mto.
Unaanza upya huko chini, kwenye mpunga,
kama mtu aliyesinzia katikati ya hadithi yake mwenyewe.

Nikaviunga, ncha kwa ncha,
nikageuza vishale vilivyokuwa vikipanda mlima,
maana kuna aliyeyaamuru maji yarudi Nandi.

Lakini ule mkubwa haukuwamo.
Ule uliomchukulia Dorsila Akech kuku na banda lao, Aprili,
ukaingia kwetu hadi kimo cha swichi ukutani.
Nikauliza tena. Haukuwamo.
Saa saba za usiku ndipo nilipoelewa:
haumo ndani kwa sababu ndio mpaka wenyewe.
Mashine haidanganyi. Ukuta haukai chumbani.

Nikayakumbuka yale mablanketi.
Karani wa kwetu alisema, mto huo ni wa ng'ambo.
Karani wa ng'ambo akasema, someni vizuri, ni wenu.
Mafahali wetu hata hawakupigana;
kila mmoja alikana tu kwamba nyasi si zake.
Na Dorsila amesimama na ndoo yenye vifaranga watatu,
akiambiwa alete barua.

Nikaongeza maneno mawili kwenye swali:
ndani, *au unaogusa*.
Mto ukatokea. Ukatokea mara mbili,
mara moja kila upande,
na jumla ya mito yetu ikavimba kilomita tisa
za maji ambayo hayajawahi kumlowesha mtu.
Nikacheka peke yangu. Maji mengi, na kisima cha jirani kina kufuli.

Asubuhi nikatoka na Ezbon na simu yake iliyopasuka kioo
tukakitafute kijito kisicho na jina.
Wafua nguo wa juu wanakiita Aora Matin.
Chini, penye gereji, ni Kwa Fundi.
Kwenye bango la kaunti lililolala kifudifudi: Mfereji Na. 4.
Kisanduku cha jina ni kimoja.
Ezbon akasema andika la bango, lina muhuri.
Nikaandika la wafua nguo,
hayo mengine nikayapanga chini yake kama watoto wa kufikia.

Swali lililofuata: ni wa kudumu au wa msimu?
Tukamwuliza Dorsila, aliyekuwa akikusanya mabati.
"Wa kudumu," alisema. "Huwa tu hayupo."
Kisanduku cha hilo hakipo.

Kisha akachungulia simu, akafuata ule mstari kwa ukucha
hadi alipopaona mahali pa banda lake.
"Na ukishauchora hivi,
utakubali kukaa hapo?"

Hatua nane kutoka kwenye mstari wangu
ukingo ulikuwa ukimeguka, donge baada ya donge,
udongo mweusi ukianguka majini
kwa sauti ya mtu anayekula polepole.

Nikabonyeza hifadhi.
Nikaandika tarehe.